Oud Bruin ya Oudenaarde: uchachu upatikane wapi bila kuangukia kwenye siki?

KimeaGent

Wakuu, salaam. Nataka kupika lita 20 za Oud Bruin, ile bia ya kahawia yenye uchachu ya Flanders Mashariki. Nipo Gent, kwa hiyo kimea, hopsi na hamira za kila aina napata, na chupa za kulinganishia ladha ziko dukani. Vyombo: sufuria ya lita 35, ndoo mbili za plastiki za lita 25, dumu moja la kioo la lita 20, hidromita na kipima pH. Pipa la mbao sina, wala sina mpango wa kununua.

Ladha ninayoilenga ni ya Liefmans Goudenband: tende na zabibu kavu zinatangulia, uchachu unafuata. Ule ukali wa siki unaopanda puani siutaki.

Maelekezo ninayokutana nayo yanapingana. Huyu anasema tia mchanganyiko wa hamira na bakteria kisha subiri mwaka, yule anasema chachusha kwenye sufuria siku mbili basi. Huyu anataka IBU (kipimo cha uchungu wa hopsi) 20 hadi 25, yule anasema bakteria wa laktiki hawavumilii hopsi. Nishike lipi? Na togwa je, inaweza kuwa mbegu ya uchachu?

MzeeWaMapipa

Mkuu, kwanza tenganisha bia mbili ambazo watu huzitia kapu moja.

Nyekundu ya Flanders Magharibi, kama Rodenbach ya Roeselare au Duchesse de Bourgogne ya Vichte, huiva kwenye mapipa makubwa ya mwaloni yanayosimama wima, yaitwayo foeder. Rodenbach wanayo karibu 300. Mbao hupitisha oksijeni kidogo kidogo, na oksijeni hiyo ndiyo huwapa bakteria wa asetiki nafasi ya kugeuza alkoholi kuwa siki. Ongeza Brettanomyces, hamira za porini zinazoishi ndani ya mbao, unapata cheri, ngozi na ule ukali wa puani. Rodenbach ya kawaida ni takribani robo tatu bia changa na robo bia iliyokaa kama miaka miwili. Kwenye Grand Cru yao, bia ya zamani hufika theluthi mbili, ndiyo maana inakata zaidi.

Kahawia ya Oudenaarde kwa desturi haipiti kwenye mbao. Liefmans, kiwanda cha tangu 1679 kando ya mto Schelde, huchachusha kwenye mabeseni ya wazi kwa hamira yao wenyewe iliyochanganyika na bakteria wa laktiki, halafu bia huiva kwenye matangi na changa huchanganywa na ya zamani. (Siku hizi maji ya kimea hupikwa kwingine. Kilichobaki Oudenaarde ni kuchachusha na kuivisha.) Kwa kuwa hewa inayopenya ni kidogo, uchachu unaokuja ni wa laktiki kwa sehemu kubwa: laini, unaukuta pembeni mwa ulimi. Asidi ya laktiki haina harufu ya maana. Ukinusa uchachu kabla hujaonja, asetiki imeshaingia.

Kwa hiyo kukosa pipa hakukupunguzii kitu kwenye bia hii. Pipa dogo lingekuharibia kabisa, kwani la lita 20 lina eneo kubwa la mbao kwa kila lita kuliko foeder ya maelfu ya lita, na oksijeni inaingia kwa kiwango ambacho miezi mitatu inatosha kukupa siki ya saladi.

Angalizo la dukani: ukivuka mpaka kwenda Uholanzi, jina Oud Bruin hubandikwa kwenye bia nyingine kabisa, laga tamu ya alkoholi kidogo isiyo na uchachu hata chembe. Usiinunue kwa ajili ya kulinganisha.

HopsiNaShayiri

Nakubaliana na Mzee hapo juu. Naongeza kwamba watu wengi hukosea bia hii kwa kuanza na uchachu. Kinachoibeba ni kimea. Kimea kikiwa chepesi, uchachu ule ule unaopendeza kwenye Goudenband yenye alkoholi 8% utaonekana mkali na mtupu.

Hesabu ya lita 20, uzito wa mwanzo 1.060 (kipimo cha hidromita kabla ya kuchachuka), kwa ufanisi wa kutoa sukari kwenye kimea wa kama 72%:

Kimea cha pilsner kilo 3.5
Kimea cha Munich kilo 1.2
CaraMunich (kimea cha karameli) gramu 400
Special B (kimea cha karameli nyeusi zaidi) gramu 250
Bisi za mahindi zilizobanjwa, au unga wa mahindi uliopikwa kwanza, gramu 300
Kimea cheusi kilichotolewa maganda gramu 50

Special B ndiyo inayoleta zabibu kavu na tini. Ukipita gramu 350 inaanza kuonja sukari iliyoungua. Kimea cheusi ni cha rangi tu, usikiongeze. Ladha ya kuchoma pamoja na uchachu hutoa kitu kama majivu ya ndimu, na hakuna mchanganyiko utakaoiokoa.

Loweka kwa lita 17 za maji hadi mchanganyiko utulie kwenye nyuzi 68 za Selsiasi kwa saa nzima. Joto hilo linaacha sukari ngumu ambazo hamira ya kawaida haizimalizi, nazo ndizo mwili wa bia. Suuza hadi ukusanye lita 27.

Sasa ule mgogoro wa hopsi. Wote wawili uliowasoma wako sahihi. Viwango vya mtindo huu ni IBU 20 hadi 25, na lactobasili (bakteria wa laktiki) wengi wanaouzwa hulegea au hulala kabisa hata kwenye IBU 10. Suluhisho ni kuwatenga. Gawa maji ya kimea mara mbili kabla hujatia hopsi.

Sehemu ya kwanza, lita 8. Ichemshe dakika 10 kuua vijidudu vya kwenye kimea, poza hadi nyuzi 35. Shusha pH hadi 4.5 kwa asidi ya laktiki ya 80%: anza na mililita 4, koroga, pima, ongeza kidogo kidogo. Hatua hii watu wanairuka kwa uvivu, kisha wanalalamika bia inanuka matapishi. Harufu hiyo ni asidi ya butiriki, na vijidudu vinavyoitoa hupata shida kufanya kazi chini ya 4.5. Tia Lactobacillus plantarum, funika uso wa maji kwa plastiki ya jikoni ili hewa isiguse, na utunze joto la nyuzi 30 hadi 35. Kwa saa 24 hadi 48 pH itafika 3.2 au 3.3. Hapo ichemshe tena kama dakika 20 kuwaua bakteria, iache ipungue hadi lita 6 na nusu.

Sehemu ya pili, lita 19, unaipika siku ile ile ya kwanza. Chemsha dakika 90 hadi ibaki karibu lita 13 na nusu. Hopsi East Kent Goldings zenye asidi za alfa (chanzo cha uchungu) 5%, gramu 40, dakika 60 kabla ya mwisho. Hiyo ni kama IBU 30 kwenye sehemu hii, na ukishaunganisha zote inashuka hadi 20. Hopsi za harufu usiweke. Poza hadi nyuzi 19, tia pakiti mbili za gramu 11 za hamira ya eli ya Kiingereza.

Ile sehemu chachu, ikishachemka na kupoa, imimine juu ya hii baada ya siku mbili, wakati hamira imeshashika kasi. Ukiitia hamira kavu moja kwa moja kwenye pH 3.3 inakwama njiani, unabaki na 1.025 na harufu ya mayai. Ikikuta hamira imeshazaliana, haisumbui. Ishike nyuzi 19 hadi 21, itashuka hadi karibu 1.012, alkoholi 6.3% hivi. pH ya mwisho hutua karibu 3.6.

KimeaGent

Shukrani sana mkuu, hii imenyooka. Mawili: togwa bado hamjaijibu. Halafu, njia hii itatoa ladha ya bia iliyokaa, au itakuwa changa milele?

DadaUlezi

La togwa nalichukua mimi.

Bakteria wa laktiki wamo, tena kwa wingi. Tatizo ni wenzao waliokuja nao. Togwa ya nyumbani hubeba pia hamira za porini na chochote kilichokuwa kwenye kimea cha ulezi, na hujui ni akina nani. Kwa kinywaji kinachonyweka ndani ya siku chache hilo halina neno. Kwa bia ya kuweka miezi, kijidudu kimoja chenye kula sukari ngumu kinatosha kupasua chupa.

Ila kwenye njia ya HopsiNaShayiri sehemu chachu inachemshwa baadaye, kwa hiyo kila kilichokuja na togwa kinakufa. Hapo inaruhusika. Fanya hivi: chukua maji ya kimea lita 1 bila hopsi, chemsha, poza hadi nyuzi 37, shusha pH hadi 4.5, tia vijiko vitatu vya togwa changa isiyo na sukari. Funga kabisa. Kesho yake nusa na upime. Ikiwa pH iko chini ya 3.6 na harufu ni safi kama ya mtindi, itumie kuanzishia zile lita 8. Ikitoa povu jingi, hamira za porini zimeshika: si sumu, lakini zinakula sukari uliyotaka ibaki na kutoa alkoholi ambayo utaipoteza ukichemsha. Ikinuka matapishi au soksi, mwaga, anza upya.

Kwa maoni yangu pakiti ya plantarum ni nafuu kuliko usumbufu wote huo. Togwa ina ladha yake nzuri, lakini kwenye bia hii ladha hiyo haitaonekana hata kidogo: Special B na Munich zitaimeza.

MamaDumu

La pili ni zito zaidi. Jibu fupi: njia ya sufuria inatoa uchachu safi, ulionyooka, usio na kina. Bia iliyokaa ina vitu ambavyo asidi peke yake haileti: harufu ya mvinyo wa sheri inayotokana na oksijeni kidogo mno kwa muda mrefu, esta (harufu za matunda) zinazojengeka polepole asidi na alkoholi zinapokaa pamoja, na matunda makavu yanayozidi kukolea. Hizo zinadai miezi.

Lakini huhitaji kuweka lita zote 20. Hapo ndipo kuna siri ya Oudenaarde, na ya Flanders yote: kuchanganya. Hata Petrus Oud Bruin ya Bavikhove ni bia changa ya kahawia iliyochanganywa na bia ya rangi nyepesi iliyochachuka kwenye mapipa. Ile bia yenye uchachu haikuhitaji hata kuwa ya kahawia.

Kwa hiyo dumu lako la kioo ligeuze kuwa akiba. Pika lita 20 kwa kimea kile kile lakini IBU 8 tu, chachusha wiki mbili kwenye ndoo kwa hamira ya kawaida pamoja na mchanganyiko unaouzwa kwa jina la Roeselare, wenye hamira ya eli, Brettanomyces, lactobasili na pediokokasi (bakteria wengine wa laktiki). Kisha hamishia kwenye dumu na ujaze hadi shingoni. Usiache nafasi ya hewa zaidi ya upana wa vidole viwili. Hatua hii ndiyo inayoamua kama utapata bia au siki.

Ndoo ya plastiki usiitumie kwa kukaa muda mrefu. Plastiki ile inapitisha oksijeni, na kifuniko hakizibi sawasawa. Kifuniko cha dumu kiwe na vali ya maji na uikague kila wiki mbili: maji yakikauka, hewa inaingia bila wewe kujua. Weka mahali pa giza, nyuzi 16 hadi 20. Joto la kupanda na kushuka ni baya, maana hewa iliyo juu inatanuka na kusinyaa, na kila inaposinyaa inavuta ya nje kupitia vali.

Mambo yatakayokutisha:

Mwezi wa tatu hadi wa sita inaweza kuanza kuvuta kama mlenda. Ni pediokokasi. Inaweza pia kunuka siagi. Iache. Brettanomyces wataumeza ule ute na ile siagi kwa miezi miwili hadi minne. Ndiyo maana hutii pediokokasi peke yake kamwe.

Utando mweupe juu ni ishara kwamba kuna oksijeni imegusa uso. Utando wenyewe hauna madhara. Usiuvunje, usichovye vyombo kila wiki kwa hamu ya kuonja. Onja mara moja kila baada ya miezi mitatu, na kila ukitoa, rudisha ujazo kwa bia safi.

Harufu ya rangi ya kucha ni ethili asetati, inayoandamana na asetiki. Ikiwa hafifu, bia hiyo inaweza kutumika kwa asilimia 5 au 10 ndani ya mchanganyiko, na kwa kiasi hicho inaongeza uhai. Ikiwa kali, hairudi nyuma. Asetiki haiondoki kwa kungoja, inaongezeka tu. Tia jikoni.

Baada ya miezi 12 utakuwa na akiba chachu, kavu, karibu 1.004. Hiyo usiinywe hivyo, changanya na bia changa ya kahawia yenye utamu wake.

HopsiNaShayiri

Kweli, na kwenye kuchanganya usitegemee pH. Kipimo cha pH hakigawanyiki kama wastani: nusu ya 3.2 na nusu ya 4.2 haikupi 3.7. Ulimi wenyewe unafuata zaidi wingi wa asidi. Upime hivi: toa gesi kwenye bia kwa kuikoroga na kuiacha wazi, chukua mililita 10, dondoshea sodiamu haidroksaidi ya 0.1 N hadi pH ifike 8.2. Kila mililita 1 uliyotumia ni gramu 0.9 za asidi kwa lita, ukihesabu yote kama laktiki. Vaa miwani na glavu, kemikali ile inaunguza.

Kipimo kikishakupa picha, chukua glasi nne: akiba 15%, 25%, 35%, 50%. Onja kwa joto la kunywea, nyuzi 8 hadi 12, maana baridi kali huficha utamu na kuuacha uchachu peke yake. Kwa ladha uliyoitaja nadhani utaishia kati ya 25 na 35. Ukitaka kusukuma kidogo, mililita 1 ya asidi ya laktiki ya 80% kwa kila lita ya bia huongeza takribani gramu 1 ya asidi kwa lita. Itumie kama chumvi ya mwisho, kwani uchachu wote ukitoka kwenye chupa ya dukani unasikika bapa.

KimeaGent

Imeeleweka. La mwisho basi: nikichanganya akiba yenye Brettanomyces hai na bia changa yenye sukari, si chupa zitalipuka? Goudenband inabakije tamu?

MamaDumu

Zitalipuka, ndiyo. Fanya hesabu: kila nukta 1 ya hidromita inayoshuka ndani ya chupa, yaani 0.001, huzalisha karibu nusu ujazo wa gesi, yaani nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Mchanganyiko wako ukiwa 1.010 na Brettanomyces wakaushusha hadi 1.004, hiyo ni ujazo 3 juu ya gesi uliyoikusudia. Chupa ya kawaida ya bia haihimili.

Viwanda vinavyouza bia chachu yenye utamu huua vijidudu kwa joto au huvichuja. Nyumbani una njia tatu.

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendekeza kwako: kegi, lile pipa la chuma la bia. Changanya, tia kwenye kegi, weka gesi kwa mtungi wa kaboni dioksidi, na ishinde kwenye friji nyuzi 2 hadi 4. Kwa baridi hiyo Brettanomyces wanasinzia na utamu unabaki kwa wiki kadhaa. Inywe yote kabla hujaiondoa kwenye baridi.

Ya pili: changanya, kisha urudishe kwenye dumu hadi shingoni, ungoje hidromita isisogee kwa miezi miwili mfululizo. Utapoteza sehemu kubwa ya utamu wa sukari, lakini tende na zabibu kavu za Special B zitabaki harufuni. Wakati wa kujaza chupa tia gramu 6 za sukari kwa lita, yaani gramu 120 kwa lita 20, na hamira mpya ya mvinyo kama gramu 2 iliyoloweshwa kwanza, maana ile ya zamani imechoka na asidi. Tumia chupa nene za shampeni.

Ya tatu ni kuua vijidudu kwa joto kabla ya gesi: pasha mchanganyiko kwenye sufuria iliyofunikwa hadi nyuzi 62, shikilia dakika 20, poza haraka, kisha kegi. Ladha inapungua ubichi kidogo. Usijaribu kupasha chupa ambazo tayari zina gesi, mgandamizo unapanda na kioo kinaruka.

Kama utafuata njia ya sufuria peke yake, ile yenye sehemu chachu iliyochemshwa, hakuna bakteria hai wala Brettanomyces. Jaza chupa kama bia yoyote, gramu 6 kwa lita, wiki tatu kwenye nyuzi 20.

MzeeWaMapipa

Vifaa vilivyogusa akiba ya MamaDumu, yaani mipira, vizibo na ndoo ya plastiki, vitie alama na usivirudishe kwenye bia zako safi. Mikwaruzo ya plastiki huhifadhi Brettanomyces hata baada ya kuosha. Kioo na chuma cha pua vinasafishika.

Na bia chachu ikikuzidi, Wafleming huipikia nyama ya ng'ombe, ile stoverij yao, na kipande cha mkate kilichopakwa haradali juu ya sufuria. Kwa hilo hata mchanganyiko wenye asetiki kidogo unafaa. Wenye hopsi nyingi haufai, kwa kuwa mchuzi ukipungua uchungu unabaki wote chini.

KimeaGent

Nimeelewa, wakuu. Naanza na sufuria kwa lita 20 za kwanza, na wiki hiyo hiyo napika akiba ya dumu kwa IBU 8. Mpira na ndoo ya pili naviwekea utepe mwekundu.